Karatasi Niliyoikwangua kwenye Mguu wa Bi Mwamini

Vijana wangu wa chumba cha vidonda, siku mliyoniaga mlinipa blanketi, soda na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu mlisema kwamba Mzee Bukuru anajua kila kitu kuhusu vidonda. Nilinyamaza kwa sababu soda ilikuwa ya baridi na sikutaka kuharibu shughuli. Sasa nimekaa nyumbani Buzebazeba, hapa Kigoma, nafukuza kuku kwenye maharage ya mke wangu, na nimepata nafasi ya kuwasahihisha. Nimefunga vidonda tangu nikiwa na nywele zote kichwani, na mengi niliyoyafanya kwa mikono hii sikuyaelewa. Mengine siyaelewi mpaka leo. Naandika ili yule kati yenu atakayebabaika kazini asidhani kwamba ameanza yeye.

Habari za vyeo mniwie radhi, sitazigusa. Nitaanza na siku ya kwanza. Nilifika asubuhi nimevaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mpaka likawa linaweza kusimama lenyewe. Nikapelekwa kwa Mzee Sadiki, mfungaji vidonda wa zamani, mtu mfupi wa Ujiji, mtaratibu, aliyekuwa na tabia ya kunusa kidonda kabla ya kukitazama. Alinisogezea bandeji iliyotoka kwenye paja la mgonjwa, akaniambia, "Nusa."

Nikanusa.

"Kinasemaje?"

"Kinanuka, mzee."

"Kinanuka hata mwenye kidonda anajua. Nimekuuliza kinasemaje."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya tangi la maji. Niliporudi alikuwa bado ameshika bandeji ile ile, anangoja jibu. Sikuwa nalo, na nilikaa karibu mwaka mzima bila kulipata. Mzee Sadiki hakuwa mkali. Alichukua tu muda wake, akanifundisha kushika koleo bila kukaba vidole, kulowesha shashi iliyogandamana badala ya kuivuta, na kumwangalia mgonjwa usoni wakati mkono uko kwenye kidonda, kwa sababu uso huwahi kusema maumivu kabla ya mdomo. Juu ya yote alinikaririsha sheria yake, kama watoto wanavyokaririshwa kwenye chuo cha Kurani: nyekundu iache, njano itoe, nyeusi mwite daktari. Nyekundu ni nyama changa inayoota. Njano ni uozo, na uozo ukibaki kidonda hakifungi. Nyeusi imeshakufa. Sheria hii nimeitumia kwa watu wengi sana, nao wakapona, kwa hiyo msije mkaicheka mkifika mbele.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba kila kitu kingine kilikuwa kinabadilika. Nilipoanza tuliambiwa kidonda kikaushwe, kipate hewa, kianikwe hata juani. Nikawaanika watu kwenye baraza kama dagaa. Baadaye wakaja walimu wa semina wakasema kidonda kikikauka kinakufa, kiwe na unyevu. Tukawaingiza watu ndani tukawalowesha. Kulikuwa na dawa ya zambarau iliyotutia doa mpaka kwenye kucha, ikapigwa marufuku, kisha nikaikuta tena kabatini bila maelezo. Asali iliitwa ushirikina, halafu ikarudi ndani ya kijitubu chenye maandishi ya kigeni. Nilimuuliza Mzee Sadiki tufuate lipi. Akasema, "Fuata kidonda." Ni jibu zuri la kumpa mtu anayejua kidonda kinakwenda wapi.

Mzee Sadiki alistaafu, nikabaki na sheria yake na kijiko chake, kile kidogo chenye makali cha kukwangulia. Miaka ikapita. Ndipo akaja Dkt. Neema, binti wa Kasulu aliyekwenda kusomea upasuaji mbali akarudi kwetu kwa hiari yake, jambo ambalo lilitushangaza wote. Alikuwa ananiamkia "Shikamoo Mzee" kila asubuhi, kisha ananiuliza maswali yanayoniacha hoi.

Wakati huo wodini kulikuwa na Bi Mwamini wa Ilagala. Ni mkamuaji wa mawese. Pipa la chikichi lilikuwa linachemka, jiwe moja la jiko likateleza, pipa likainama, na maji yenye mafuta yakamshukia mguu wa kushoto kuanzia gotini. Alifika kwetu amechelewa, amepakwa majani na dawa ya meno. Nilimsafisha kila siku. Sehemu kubwa ikaanza kuwa nyekundu, isipokuwa mbele ya muundi, ambapo nyama ilikwisha kabisa na mfupa ukabaki wazi, mweupe, mkavu, upana wa kiganja cha mtoto. Ukipandikiza ngozi juu ya mfupa mtupu haishiki, maana hakuna damu ya kuilisha. Na mfupa ukikaa wazi unaoza. Daktari mkuu wa upasuaji alishasema kwamba kama mahali pale hapatafunikwa mapema, mguu utakatwa chini ya goti.

Bi Mwamini aliuliza swali moja tu. "Mashine yangu inasukumwa kwa kuizunguka. Na mguu mmoja nitaizungukaje?" Alikuwa mjane, na mashine ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake.

Dkt. Neema akaja na kijiboksi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kitu cheupe, chepesi, kama karatasi nene iliyolowa. Yeye alikiita kiunzi. Sisi tukaiita karatasi. Akaeleza kwamba kina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba kikilazwa juu ya mfupa, mishipa midogo ya damu itatambaa kutoka kwenye nyama ya pembeni, iingie kwenye vitundu hivyo, ijenge njia zake humo ndani. Ikishajaa, karatasi inayeyuka yenyewe, inabaki nyama hai. Hapo ndipo ngozi inapandikizwa.

"Mzee, si unajua maharage yanayotambaa?" aliniambia. "Usipoyasimikia mti yanabaki chini. Hiki ndicho mti wake."

"Maharage mtu huyapanda, daktari. Mishipa nani kaipanda?"

"Ipo tayari pale pembeni. Ikihisi kuna mahali penye njaa, inasogea."

"Inahisi kwa kitu gani?"

"Kuna vitu vinatolewa na mwili. Na kiunzi chenyewe kimetengenezwa ili kuviita."

"Vitu gani?"

Akacheka. "Mzee, hapo hata maprofesa wangu walikuwa wanakohoa."

Bi Mwamini alikuwa anatusikiliza. "Hicho kitu cha mnyama gani?"

"Ni ngozi ya ng'ombe, mama. Imesafishwa, zimebaki nyuzi zake tu."

"Kachinjwa na nani?"

Dkt. Neema aligeuza boksi upande huu na upande ule. "Hawajaandika, mama."

Bi Mwamini akafikiri. "Basi mkiweka, semeni bismillah." Dkt. Neema ni Mkristo, babu yake alikuwa mwinjilisti, lakini siku ya kuweka nilimsikia nyuma ya barakoa akiisema, taratibu, kabla hajagusa mfupa. Alishona kingo, akafunika, akafunga bandeji isiyobana, akaandika juu ya plasta kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. Kisha akaitwa kwenda Kibondo kusaidia upasuaji kwa siku kumi. Aliniachia maagizo kwamba ikinuka au ikilowa nimpigie simu.

Siku ya sita, Jumamosi, ikalowa, na ikawa na harufu. Nilipiga simu haikupatikana. Nikapiga tena, wapi. Bi Mwamini alikuwa na homa kidogo. Nilisimama pale na mkasi mkononi, nikaona bora kufungua kuliko kumwacha mtu anaoza ndani ya plasta kwa ajili ya herufi kubwa. Hilo mpaka leo sijutii. Ninalolijutia ni lililofuata.

Nilikuwa natafuta karatasi nyeupe. Sikuona karatasi nyeupe. Niliona ute wa njano, unaoelekea rangi ya chai, umetandaa juu ya mfupa wote. Kichwa changu kikafanya hesabu upesi sana: karatasi imeshaondoka na maji, hiki kilichobaki ni uozo. Njano itoe. Nikachukua kijiko cha Mzee Sadiki, nikakwangua taratibu, kwa ustadi wote niliofundishwa, mpaka pakawa safi. Pakatoka damu vidoadoa, nikafuta kwa maji ya chumvi, nikafunga. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Bi Mwamini alinishukuru.

Mchana nikaenda kula. Nilikuwa katikati ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka ndipo swali likanijia: ile karatasi ilishonwa kingo zake, sasa iliondokaje? Niliacha chakula nikarudi. Ndoo ya taka ilikuwa imeshakwenda kwenye tanuri, na moshi ulikuwa unatoka. Nikasimama nautazama moshi ule. Sikujua kama kilichokuwa kinaungua ni uozo au ni mguu wa mtu.

Dkt. Neema alirudi mapema, Jumatatu. Akafungua, mfupa ukamtazama.

"Mzee, kiunzi kiko wapi?"

Nikamwambia, "Nilipofungua sikukiona."

Sentensi hiyo nimeipitia mara nyingi. Kila neno lake ni kweli. Na yote kwa pamoja ni uongo. Ningeweza kuongeza maneno mawili tu, nilikwangua njano, lakini nilijiambia sina hakika, na mtu asiye na hakika asiseme. Nilikuwa mwalimu wa wauguzi pale. Niliona haya, vijana wangu, na haya ile niliivisha koti la uangalifu.

Yeye akaandika kwamba kiunzi kimeshindwa. Kilibaki kipande kimoja kabatini, lakini kama cha kwanza kimeyeyuka chote siku sita bila kuacha kitu, cha pili cha nini? Daktari mkuu akapanga kukata Alhamisi. Bi Mwamini alipoambiwa aliitikia "ego", yaani ndiyo kwa Kiha, akageukia ukuta. Baadaye akaomba jambo moja, mguu wake usitupwe kwenye tanuri letu. Apewe kaka yake akauzike Ilagala, kwa heshima yake, kama kiungo cha Mwislamu.

Kaka yake, Mzee Hamisi, alifika Jumatano akiwa na mfuko. Alinikuta kwenye mlango wa chumba cha vidonda, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani. Halafu akafungua mfuko akatoa kipande cha sanda, kipya, kimekunjwa.

"Dokta," alisema, "samahani kwa usumbufu. Mtakata kuanzia wapi? Nataka nijue kama hii itatosha."

Akakikunjua, akakipima kwenye mguu wake mwenyewe, kutoka chini ya goti mpaka kisiginoni, akaniangalia anangoja jibu. Nilimwambia, "Ningoje hapo hapo, mzee wangu." Nikaenda kwa Dkt. Neema. Nilibisha hodi nikaingia kabla hajakaribisha.

"Shikamoo Mzee."

"Daktari, ile Jumamosi nilikwangua."

Akaweka kalamu chini. "Ulikwangua nini?"

"Sijui. Kilikuwa cha njano. Nilidhani uozo."

"Harufu yake?"

Nikajilazimisha kukumbuka. Mzee Sadiki angeniuliza hivyo hivyo. "Haikuwa ya uozo. Ilikuwa kama ngozi ya ngoma iliyolowekwa."

"Kilitoka chepesi au kilishikilia?"

"Kilishikilia."

"Damu?"

"Vidoadoa."

"Pembeni?"

"Pembeni na katikati."

"Mzee, katikati ni mfupa. Fikiri vizuri. Damu ilitoka juu ya mfupa?"

Nilifumba macho. Niliona kijiko, niliona ute, niliona vidoa vikichomoza kimoja kimoja palipokuwa pakavu wiki zote. "Juu ya mfupa," nikasema.

Dkt. Neema akasimama. "Mfupa ule haukuwa na tone la damu. Hiyo imetoka wapi?"

"Sijui."

"Imetoka kwenye kiunzi! Kikianza kushika kinakuwa cha njano, kinakuwa ute. Ndivyo kinavyokuwa! Mishipa ilikuwa imeshaingia, Mzee, wewe umeikwangua." Alikuwa anapaza sauti kwa hasira, na huku uso wake unang'aa, hata sikujua nimtazame wapi. "Siku tatu! Siku tatu natembea nikisema kimeshindwa, na wewe unanitazama!" Akatoka mbio kwenda kwa daktari mkuu. Nilibaki nimeshika kiti chake. Nilikuwa na aibu ya kutaka ardhi ipasuke, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele, na sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo.

Alhamisi hawakukata. Waliweka kipande cha pili. Mzee Hamisi alikunja sanda yake akarudi nayo, akisema sanda hainunuliwi ikakaa bure, itamngoja dada yake mpaka afe mzima, na miaka yake mia. Mimi nilimwomba Dkt. Neema ampangie mgonjwa muuguzi mwingine. Alikataa. "Wewe ndiye pekee hapa unayejua kikishika kinafananaje."

Siku ya saba ikawa njano. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshafungua pakiti ya kijiko, nikamshika mkono. Mimi mwenyewe nilirudisha mikono nyuma, nikafungamanisha vidole, maana nilikuwa sijiamini. Kuiacha njano mahali pake ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika chumba kile. Wiki ya pili ikaelekea rangi ya chungwa. Wiki ya tatu nilifunua shashi, nikaona wekundu umetandaa mfupa wote, wenye punje punje. Nikaenda kunawa uso. Wakamchuna ngozi ya pajani, wakapandikiza, ikashika. Mguu ule niliufunga miezi mitano. Kwenye mlango wa kabati niliandika kwa kalamu ya wino: ITAKUWA NJANO, NI YENYEWE. Mmeyakuta maneno hayo pale na hamjawahi kuniuliza ni nini. Wengine nasikia mlidhani ni habari ya ndizi.

Hapa ndipo ninapobabaika mpaka leo. Homa ile ya Jumamosi ilikuwa ya nini? Huenda kulikuwa na uozo kweli, umechanganyika na karatasi, na kijiko kilimwokoa. Huenda hapakuwa na kitu, na nilimwongezea wiki nzima ya maumivu. Kama nisingekwangua, damu isingetoka. Kama damu isingetoka, nisingekuwa na la kumwambia Dkt. Neema. Lakini kama nisingekwangua, kusingekuwa na la kuambiana. Nilimuuliza yeye, akasema hajui. Nilishukuru kumsikia daktari akisema hivyo.

Bi Mwamini mwenyewe hakuambiwa. Aliondoka akiamini kwamba kijiko changu ndicho kilichomponya. Kwa miaka wagonjwa wa Ilagala walifika mlangoni kwetu wakiomba wakwanguliwe na "yule mzee anayekwangua". Mliwaona. Mlinitania. Nilicheka pamoja nanyi, kisha nikageukia kabati nikazipanga upya shashi zilizokwisha kupangwa.

Mwezi uliopita nikapanda gari la Ilagala. Nilimkuta kwenye mashine yake, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina mafuta mpaka viwikoni. Alinikaribisha kwa shangwe, akanipa kigoda. Nikamwambia kabla sijanywa maji. Nilimweleza kila kitu, karatasi, njano, kijiko, Jumatatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa dokta, ulinidhuru au ulinisaidia?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza, mama."

"Umetoka Kigoma yote ile uje kuniuliza miye? Miye nimesomea?" Akajifuta mikono. "Kukwangua sina neno nawe. Uliona njano, ukatoa. Lakini Hamisi alikwenda dukani akanunua sanda ya mguu wangu. Akaja nayo kwenye basi. Nami nililala siku tatu nauaga, naupapasa kila saa. Nawe ulikuwa unajua."

"Sikuwa na hakika, mama."

"Ulikuwa unajua kidogo."

"Nilikuwa najua kidogo."

"Basi hicho kidogo ungekisema."

Nikamwambia anisamehe. Alisimama, akatia chikichi za moto kwenye mashine, akashika mti wa kusukumia, akanionyesha kwa kidevu nafasi ya nyuma yake. "Shika hapo. Zikipoa hazitoi kitu."

Nikavua koti nikashika. Tukaanza kuzunguka, yeye mbele, mimi nyuma, mafuta mekundu yakaanza kuchuruzika kwenye sufuria. Alikuwa anatembea kwa nguvu, mwendo mmoja, kanga imeshuka mpaka kwenye vifundo. Mzunguko wa tatu nikajikuta natazama visigino vyake vikipokezana kwenye udongo. Nilitafuta mguu wangu ni upi, ule niliouosha miezi mitano, nikashindwa kuujua kwa mwendo. Nikasimama ili nifikiri, na mti ukasimama.

"Sukuma, dokta," alisema bila kugeuka.